Ukurasa wako wa Buguruni: nini uweke, nini uache

Fungua ukurasa wako sasa hivi na usome ile mistari miwili iliyo chini ya jina lako. Kama unauza viatu, mapazia, vipodozi au keki na unaishi Buguruni, huenda umeandika "Tupo Kariakoo". Wenzako wameandika Sinza, na wenye roho ngumu zaidi wameandika Mikocheni. Tuanze na mstari huo, maana ndio wa kwanza kukuumbua.

Mteja anatoka Tabata, anashuka Kariakoo, anasimama Msimbazi juani na kukupigia: "Nimefika, nije mtaa gani?" Unaanza kumzungusha. Mara stoo imehamishwa, mara kijana wa dukani katoka kidogo, mwisho unamwambia apande gari la Buguruni ashuke Sheli. Alipita hapo kwako nusu saa iliyopita. Hata akija, atakuja na sura ya mtu aliyekwisha kudanganywa mara moja, na bei yoyote utakayotaja ataikata nusu.

Kariakoo ni jina linalouza, sikatai. Mtu akilisikia anasikia bei ya jumla, anasikia kontena limefunguliwa leo asubuhi. Lakini Buguruni nayo ina mambo yake usiyoyatumia. Barabara ya Uhuru na Barabara ya Mandela zinakutana mlangoni kwako, kwa hiyo boda inafika Tabata, Vingunguti, Ilala na Tazara bila kuingia mjini. Pango la fremu ni nafuu kuliko Mtaa wa Kongo, na nafuu hiyo unaweza kumgawia mteja. Andika hivi: "Buguruni, Dar es Salaam. Mzigo tunafuata Kariakoo, tunakuletea ulipo." Halafu taja kituo cha kushukia kwa jina lile lile ambalo konda analipigia kelele: Sheli, Malapa, Chama, Rozana.

Kama wewe ni winga, sema

Wengi wanaouza mtandaoni hawana mzigo wao. Wanazunguka Aggrey, Narung'ombe na Likoma, wanapiga picha kwenye maduka ya watu, wanaongeza cha juu, wanaposti. Hiyo ni kazi ya winga na haina aibu yoyote. Kariakoo ina bidhaa nyingi kiasi kwamba mgeni akiingia bila mwenyeji anatoka kichwa kinamuuma na hela imeishia kwenye kitu ambacho hakukifuata. Winga mzuri amekwisha kumpunguzia maduka mia hadi matatu. Mteja anamlipa kwa jicho na kwa miguu, na pesa hiyo ni halali.

Aibu inaanza pale winga anapojifanya mwenye duka. Mteja akitaka namba 39 badala ya 40, huna. Akitaka kurudisha, huwezi. Akitaka kuona dukani, ndiyo zile hadithi za kijana aliyetoka kidogo. Sema tangu mwanzo: "Naingia sokoni Jumanne na Ijumaa. Toa oda usiku wa kuamkia siku hiyo. Juu ya bei ya duka naongeza kiasi fulani." Wapo watakaokukimbia na kwenda kununua wenyewe. Wakishasukumana na mikokoteni saa sita mchana, baadhi watarudi.

Kazi yako kubwa basi ni kuchagua, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anapiga picha sitini asubuhi moja na kuziweka zote sitini. Anayezitazama anachoka kabla hajafika ya kumi, kwa sababu umemletea vurugu ile ile ya Kariakoo aliyokuwa anaikwepa. Weka kumi na mbili. Chini ya kila moja andika sentensi moja ya kwa nini umeichagua, kwa lugha unayotumia ukiongea na dada yako: "Hili begi nimelichukua kwa ajili ya zipu, ni ya chuma, yale ya elfu kumi zipu inang'oka wiki ya pili." Sentensi hiyo hakuna mashine itakayomwandikia mteja. TikTok inamletea mtu kile ambacho jicho lake liligotea jana usiku. Haijui kwamba harusi ya binamu ni Jumamosi ijayo, kwamba sare ya kamati ni damu ya mzee, na kwamba shangazi hawezi viatu vya kisigino kirefu. Wewe unajua, kwa sababu alikwambia.

Na picha za kiwandani, zile zenye mwanamitindo wa Uturuki amesimama kando ya bwawa la kuogelea, ziache huko huko zilikotoka. Zinapendeza, lakini mteja akipokea gauni lenyewe anaanza kulinganisha, na wewe ndiwe unayeshindwa kwenye ulinganisho huo.

Piga picha kasoro

Kuna kijana anayeuza viatu vya mtumba upande wa Chama ambaye ningemwajiri afundishe. Akishachagua kwenye belo anaviosha kwa sabuni ya unga na mswaki, anavijaza magazeti ndani visilegee, anavikausha kivulini. Hapigi picha mchana, kwa sababu jua la saa saba linaua rangi na kutia vivuli vyeusi. Anangoja saa kumi. Studio yake ni kreti la soda lililopinduliwa, shuka la kijivu, na ukuta wa jirani. Kila kiatu anakipiga mbele, ubavu, soli, na ndani ilipo lebo ya saizi. Picha ya mwisho ni ya kasoro: kisigino kimelika upande wa nje, au gundi imeachia milimita chache. Chini yake anaandika namba, bei, na maneno matatu: "Kasoro iko hapo." Viatu vyake havirudishwi, kwa sababu mteja alikwisha kugombana na ile kasoro peke yake nyumbani, akakubaliana nayo, ndipo akatuma hela.

Ameandika na bei. Hili la "bei njoo inboksi" limetuchosha. Najua kwa nini linafanyika: muuzaji anataka kwanza aone picha ya mteja, ajue ni mtu wa kupigwa elfu themanini au arobaini. Wateja nao wanajua. Wengi wanapita tu bila kuuliza, na wewe hutajua ulipoteza wangapi kwa sababu mtu aliyepita haachi alama. Weka bei, weka na gharama ya boda kama unaijua.

Filta nayo ina mahali pake. Kuongeza mwanga kidogo kwenye picha ya keki hakumuumizi mtu. Ila kama unauza mafuta na losheni, kisha unaonyesha ngozi iliyosafishwa na simu, unauza uongo kwa mtu atakayejipaka usoni. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS. Piga picha ya kopo upande wa nyuma, penye viambato na jina la mtengenezaji. Kama upande wa nyuma hauna kitu cha kupiga picha, hiyo losheni usiiuze.

Jirani naye ni mtazamaji

Mtu wa Masaki anaweza kujipamba mtandaoni mwaka mzima asikutane na mtazamaji wake hata mmoja. Wewe, mtazamaji wako amepanga chumba cha tatu kutoka chako. Mnapokezana zamu ya kufagia uwanja. Mnachangia LUKU. Ukiweka picha ya Nungwi umelala kwenye kitanda cha ufukweni, na hela ya LUKU ya mwezi huu hujatoa, picha hiyo haitasomwa kama ulivyokusudia, na jioni utaisikia koridoni ikisomwa kwa sauti.

Kwa hiyo kabla ya kuweka chochote, pitia orodha ya watu waliotazama stetasi yako ya mwisho. Isome kwa majina. Utamkuta mwenye nyumba. Utamkuta mhasibu wa kikoba ambaye ulimwomba akusogezee tarehe ya marejesho. Mwalimu wa mtoto, mteja wa mapazia, mchumba wa zamani, mama mkwe, na fundi uliyemwambia umesafiri. Hawa wote wanaona kitu kimoja kwa saa 24. WhatsApp inakuruhusu kuchagua nani aone stetasi na nani asione; ingia kwenye mipangilio ya faragha, dakika tano zinatosha. Na kumbuka anayeona ni yule tu ambaye mmehifadhiana namba, kwa hiyo ukifuta namba za watu ambao hukumbuki hata mlikutana wapi, umepunguza hadhira bila kugombana na mtu. Instagram nayo ina orodha ya marafiki wa karibu. Itumie kwa mambo ya nyumbani, ya biashara yaende kwa wote. Ukiweza, tenga namba mbili kabisa: programu ya WhatsApp Business haina malipo, ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei, na inakupa nafasi ya kuandika saa za kazi ili usipigiwe usiku wa manane kuulizwa kama pazia la kijani bado lipo.

Sasa vijembe. Bibi zetu walikuwa na kanga. Walikwenda Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya karibu na Mnazi Mmoja, wakachambua majina ya kanga hadi wakapata lile linalomfaa jirani, wakajifunga na kupita mlangoni kwake wakienda kuteka maji. Ujumbe ulifika. Na akiuliza, "Unaniambia mimi?" jibu lilikuwa tayari: kanga imeandikwa kiwandani, mimi nimependa rangi. Stetasi imechukua kazi hiyo lakini haina ule mlango wa kutokea. Umeandika mwenyewe, saa inaonekana, sura yako iko pembeni. Na kanga ilipita mlango mmoja, wakati kijembe cha stetasi kinapita kwa watu mia mbili, na wasiopungua kumi kati yao watalala wakijua kimewahusu wao. Mteja wako mmoja alichelewesha hela wiki jana kwa sababu ya msiba, na wewe umeandika kuhusu watu wasiojua kulipa. Ulikuwa unamsema shemeji. Mteja hajui.

Ukishindwa kabisa kujizuia, nenda Mtaa wa Uhuru ukanunue kanga.

Kujipamba hakukuanza na simu

Wapo watakaokwambia uache kujipamba, uweke maisha yako kama yalivyo. Sikubaliani nao. Watu wa pwani hii wamejipamba mbele ya kamera tangu kamera ilipofika. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, iliwapiga picha watu wa kila namna waliokuja wamevaa walichonacho bora. Studio za mitaani za Dar zilikuwa na pazia lililochorwa mnazi na bahari, maua ya plastiki, na koti na tai vya kuazima vilivyoning'inia kwenye msumari. Baba alipiga picha amevaa koti ambalo halikuwa lake, akaituma kijijini, na kijijini wote walijua koti hilo si lake. Hakuna aliyeona amedanganywa. Ilikuwa heshima kwa anayetumiwa.

Kilichokuwa tofauti ni kwamba picha ilikuwa na gharama. Ulilipa kwa nakala, ukachukua tatu, ukajua kila nakala imekwenda kwa nani. Gharama ilikufanyia nusu ya kazi ya kuchagua. Leo bando la siku linakuruhusu kuweka picha arobaini kabla ya chai, kwa hiyo kazi ya kujizuia imebaki kwako.

Nenda basi Daraja la Tanzanite ukapige picha jioni, upepo ule ni wa kila mtu. Panda SGR hadi Morogoro na uweke picha ya kiti. Ila usiandike kana kwamba unaishi huko. Andika ulichokwenda kufanya. "Leo tumetoka na mama, mara yake ya kwanza kupanda treni ya umeme" ni maneno ambayo jirani wa chumba cha tatu ataweka moyo chini yake. Ukiandika kwa kujigamba, tena kwa lugha ya watu wengine, atacheka na kupiga picha ya skrini.

Mwangalie Kili Paul. Alianza kujulikana 2021 kwa video za kuigiza nyimbo za Kihindi, amevaa rubega, nyuma yake ni boma na vichaka vya kwao mkoani Pwani. Februari 2022 Ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ulimtunuku, na Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akamtaja pamoja na dada yake Neema katika hotuba yake ya redio. Angeweza kutafuta pazia la hoteli. Hakufanya hivyo, na wala tusijidanganye kwamba ile ni bahati tu: rubega imepangwa, mahali pa kusimama pamechaguliwa, wimbo umefanyiwa mazoezi. Amejipamba kwa vitu vya kwao. Wewe wa Buguruni una soko lenye kelele alfajiri, una reli, una uji wa mama lishe unaotoka moshi. Watu wa Mbezi hawana hivyo.

Kuhusu kiki sitasema mengi. Wasanii wanagombana hadharani wiki moja kabla ya kutoa wimbo, kisha wanapatana wimbo ukishatoka, na wana mameneja wa kuwasafishia njia ya kurudi. Wewe ukigombana na mumeo mtandaoni ili wafuasi waongezeke, wafuasi wataongezeka kweli, ila mapazia hawatanunua.

Sura za watu wengine

Ajali ikitokea Mandela, kabla mtu hajamshika majeruhi simu kumi zimekwisha kunyanyuliwa. Msibani wengine wanampiga picha marehemu na kuiweka kabla ndugu wa Mtwara hawajapigiwa. Hili sina namna ya kulieleza kwa upole: acha. Mtu aliye hoi, awe kitandani Amana au chini barabarani, hajakubali, na hakuna anayekudai taarifa hizo kwa haraka hiyo.

Kwa wanao, jiulize swali dogo. Picha ya mtoto akiwa na sare inataja shule. Ukiandika na "namfuata saa tisa", umetaja na muda. Mpige picha akiwa nyumbani, na nguo za nyumbani, na picha za kuoga zibaki kwenye simu yako. Mteja aliyependeza na gauni lako mwombe ruhusa kwa maandishi, hata ujumbe mfupi wa "naweza kukuweka?" unatosha, uhifadhi jibu lake. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024, kwa hiyo mtu ambaye picha yake imetumika bila ridhaa ana mahali pa kulalamika. Na taarifa ya "wameiba mtoto Vingunguti, sambaza" usiisambaze kabla hujajua imetoka kwa nani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inaadhibu kusambaza taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha, na faini yake haipungui shilingi milioni 5. Kusema "nimefowadi tu" ni utetezi dhaifu sana.

Vilivyoonekana nyuma ya picha

Kabla ya kuweka picha, itazame mara ya pili na usimwangalie mtu. Angalia meza na ukuta. Hapo ndipo kilipo kitambulisho cha NIDA, risiti yenye namba ya simu ya mteja, funguo, namba ya mita. Wauzaji wanapenda kuweka picha za miamala kuonyesha kwamba hela zinaingia. Ule ujumbe una jina kamili la mteja, namba ya muamala na salio lako. Tapeli akiyapata hayo, anaweza kumwendea mteja wako na kujifanya wewe. Ziba kwa rangi nzito, usitumie ile kalamu hafifu inayoonyesha maandishi kwa chini.

Sura yako pia inaweza kuibwa: mtu anachukua picha yako na jina lako, anafungua akaunti nyingine, na kuwaandikia ndugu zako kwamba umekwama. Ukisikia hivyo, tangaza kwenye namba yako halisi kwa sauti yako mwenyewe, kwa ujumbe wa sauti, maana sauti ndugu wanaijua. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti. Halafu piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua nenda kwa mtoa huduma ikafutwe.

Mwisho, ukurasa si mali yako, unaweza kukutoka siku moja kama duka linavyotoka. Soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021, na soko la Karume pale Mchikichini likaungua Januari 2022. Baada ya moto kama ule, mwenye namba za wateja ana pa kuwaambia amehamia wapi. Ila simu nazo zina siku zake. Mtandao wa X ulifungwa nchini Mei 2025, na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima ikakaa siku kadhaa. Ujumbe wa kawaida na kupiga simu ndivyo vya kurudia wakati kama huo, na hivyo vinahitaji namba, na namba zisikae ndani ya ukurasa peke yake. Nunua daftari la kaunta. Andika jina la mteja, namba, mtaa, saizi yake, na alichonunua mara ya mwisho. Anza leo na wale ambao bado hawajamaliza kulipa.